Natoka Cessna 172, naitazama 210 ya mwaka 1975: nikague nini, na niizoee vipi?

Tanga_la_Kusi
Nduzangu, hamjambo. Niko Malindi, leseni ya rubani binafsi, saa 260 za kuruka, karibu zote kwenye Cessna 172. Safari zangu ni uwanja wa Wilson, Nairobi, mara mbili kwa mwezi na Manda, Lamu, kila baada ya wiki kadhaa, watu watatu au wanne na mizigo yao. 172 haitoshi tena.

Nimepata ndege mbili. Ya kwanza ni Cessna 210L ya mwaka 1975, injini Continental IO-520 yenye saa 900 tangu ovahoo (kufunguliwa na kutengenezwa upya), rangi mpya, viti vipya vya ngozi. Miaka sita imelala pwani, nje, chini ya turubai. Ya pili ni Bonanza V35B, bei yake iko chini kidogo. Zote zina usajili wa Kenya, 5Y. Niifuate ipi? Nikague nini kabla ya kutoa pesa? Na mtu wa 172 anahitaji saa ngapi na mkufunzi ndipo aachiwe peke yake?

FundiRiveti
Bonanza tuimalize kwanza. Mkia wake wa V una sehemu mbili zinazocheza, na ngozi ya sehemu hizo ni aloi ya magnesiamu. Magnesiamu na hewa ya chumvi ni paka na panya. Rangi ikichubuka padogo tu, kutu inaingia na kula chini kwa chini, na sehemu za kubadilishia zimekuwa adimu. Ndege tamu kuirusha, lakini si ya kulala Malindi.

Sasa 210. Modeli hiyo haina nguzo za kuegemeza mabawa. Mabawa yote mawili yameshikwa na boriti moja ya aluminiamu inayopita juu ya vichwa vya watu, ndani ya dari ya kabini. Mwaka 2019 T210M moja ilivunjika bawa ikiwa angani karibu na Mount Isa, Australia. Ufa ulianzia kwenye kishimo cha kutu upande wa chini wa boriti hiyo. Mwaka 2020 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikatoa agizo la lazima namba 2020-03-16 kwa modeli za 210G hadi 210M. Hiyo yako imo.

Mchawi ni sponji. Boriti nyingi zimebandikwa sponji upande wa chini, nyuma ya kitambaa cha dari. Sponji inanyonya unyevu na kuukumbatiza kwenye chuma miaka nenda miaka rudi, na wewe huoni kitu. Kwa ndege iliyolala nje pwani miaka sita, hapo ndipo pa kuanzia. Rangi na viti baadaye. Kazi yenyewe iko hivi: kitambaa cha dari kinashushwa, sponji inabanduliwa kwa kikwaruzo cha plastiki. Si cha chuma, maana mkwaruzo mmoja kwenye boriti ni mbegu ya ufa. Gundi inasafishwa, kisha unatazama kwa tochi na lenzi ya kukuza mara 10. Unatafuta unga mweupe, praima iliyotutumka, vishimo kama vya sindano. Baada ya macho kinafuata kipimo cha edi karenti (umeme unaotafuta nyufa zisizoonekana) kwenye mdomo wa chini wa boriti, kinachofanywa na mtu mwenye cheti cha kipimo hicho. Ikitoka salama inapakwa kinga ya kutu, na sponji hairudi tena.

Kutu ndogo inasuguliwa mpaka chuma safi, lakini kuna kikomo cha kina. Kikipitwa, boriti inabadilishwa, yaani mabawa yote mawili yanang'olewa. Gharama yake inaweza kuimeza faida yote ya bei uliyopunguziwa.

Ukiambiwa "ilishakaguliwa", omba ukurasa. Tarehe, saa za ndege, matokeo ya kila kipimo, saini na namba ya leseni ya fundi. Ukurasa usipokuwepo, haikukaguliwa.

Karani_wa_Hangari
Naongeza kwa FundiRiveti: lete madaftari yote matatu, la mwili, la injini na la propela, kuanzia siku ya kwanza. Daftari lililopotea mwaka wowote linashusha bei, na muuzaji anajua. Ulizia pia kama ndege imewekwa rehani mahali, na umpe fundi WAKO orodha ya maagizo ya lazima ayapitie moja moja. Usitumie fundi anayeitunza ndege hiyo sasa; anakagua kazi ya mikono yake mwenyewe.

Na ipimwe uzito upya. Rangi juu ya rangi na viti vya ngozi ni kilo. 210L inaruhusiwa kuruka na kilo 1,723, matangi yakijaa yana lita 337 zinazotumika, takriban kilo 243. Chukua uzito mtupu ulioandikwa juzi, sio wa 1975, ndipo upige hesabu ya watu wanne na mizigo.

Tanga_la_Kusi
Ahsanteni. Muuzaji amenitumia kipimo cha mgandamizo wa silinda, kila kimoja kati ya 80: 72, 70, 74, 68, 71, 41. Anasema hiyo 41 ni kawaida ya Continental. Kweli?

Injini_Sita
Nusu kweli. Continental haitupi silinda kwa namba peke yake; kikomo kinapatikana siku hiyo hiyo kwa kifaa cha kulinganishia kinachounganishwa na geji. Swali ni hewa inatokea wapi. Sikiliza wakati silinda imejazwa hewa. Ikivuma kwenye mdomo wa kutilia oili, ni ringi; irushwe saa moja, ipimwe tena ikiwa moto, mara nyingi inapanda. Ikivuma kwenye bomba la moshi, ni vali ya kutolea moshi, na hiyo haisubiri. Ingiza kamera kwenye tundu la plagi uitazame. Vali nzima ina rangi iliyosambaa sawasawa kama shabaha, duara ndani ya duara. Vali inayoungua imeota mwezi mwandamo upande mmoja wa ukingo.

Kwa IO-520 ya umri huo uliza mambo mawili zaidi. Krankishafti (mhimili mkuu wa injini) ni ya VAR, iliyoyeyushwa ndani ya ombwe, au ya zamani? Na ganda la injini ni jepesi au zito? Maganda mepesi yanajulikana kwa nyufa. Kata filta ya oili, kunjua karatasi yake juani na upitishe sumaku. Kikomo cha ovahoo ni saa 1,700, kwa hiyo 900 inaonekana nzuri. Lakini saa hizo zimesambaa miaka mingapi? Injini iliyokaa miezi bila kuwashwa pwani inaota kutu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali), ambayo kamera ya silinda haiioni. Mimi ningependa injini ya saa 1,300 iliyorushwa kila wiki.

Tanga_la_Kusi
Kwenye daftari, miaka miwili ya mwisho imeruka saa 31 tu.

Injini_Sita
Basi weka ovahoo ndani ya bei, usiihesabu kama iko mbali.

Mwalimu_wa_Duru
Nije kwenye mafunzo. Saa 10 hadi 15 na mkufunzi anayeijua 210, si mkufunzi yeyote. Bima itakupa kiwango chao cha chini, kwa hiyo pata barua ya bima kabla ya kusaini mauziano, na uhakikishe leseni yako inaibeba ndege hiyo. Saa tatu za mwanzo usiguse duru, yaani mzunguko wa kutua kuzunguka uwanja. Panda futi 5,000 juu ya nyika, ujifunze kuipunguza mwendo, kushusha magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya bawa), kughairi kutua, na kuikaribisha stoli (mwendo mdogo ambapo bawa linaacha kubeba) ukiwa na mkono mwepesi.

Vitu vinavyowakamata watu wa 172 ni hivi. Kwanza swichi ya kuchagua tangi la mafuta. 172 ina "yote mawili". 210L ina kushoto na kulia tu. Injini inaweza kuzimika huku tangi la pili limejaa. Badilisha kila nusu saa, andika dakika kwenye karatasi iliyo gotini, na usibadilishe ukiwa chini karibu na ardhi.

Pili, kushuka. Kutoka Wilson unakuja na futi 9,500 na mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 160 hivi. Kushuka hadi futi 1,000 kwa futi 500 kwa dakika ni dakika 17, yaani karibu maili 45 za baharini. Anza ukiwa bado juu ya Tsavo, hujaiona bahari. Ukisubiri uione Sabaki, utafika Malindi uko juu na kasi, na kuivuta throtoli (mkono wa nguvu ya injini) yote kwa mkupuo ni kuziadhibu silinda. Punguza inchi moja moja kwenye geji ya manifoldi, inayopima mgandamizo wa hewa inayoingia injini.

Tatu, pua nzito. Watu wawili mbele na nyuma mtupu, trimu (kifaa cha kusawazisha pua) iko nyuma sana. Usipoitengeneza kwenye fainali (mstari wa mwisho wa kutua), gurudumu la pua ndilo litakalotangulia kugusa. Kwenye ukaguzi hebu itazamwe bati linalotenga injini na kabini. Mikunjo hapo inakwambia kuna aliyetua hivyo. Mwendo wa fainali flapu zikishushwa zote ni noti 75 hivi. Ukija na 90 "kwa usalama" itaelea mpaka nusu ya njia ya kurukia imekwisha.

Magurudumu: yataje kwa sauti mara tatu, kwenye upande wa upepo wa nyuma, kwenye besi (kipande cha kabla ya fainali), na kwenye fainali. Taa ya kijani isipowaka, kwanza jaribu balbu, kisha sakiti breka, kisha mkono wa magurudumu uwe chini na uvute pampu ya mkono iliyo katikati ya viti, upampu mpaka uwe mgumu na kijani kiwake. Gurudumu kuu unaliona dirishani. Lifanye zoezi hilo na mkufunzi mara mbili, usilisome tu. Na wakati wa ukaguzi ndege ipandishwe kwenye jeki, magurudumu yakunjwe na kushushwa angalau mara tano, moja kwa pampu ya mkono. Oili nyekundu ya haidroliki ikionekana sakafuni, tafuta inakotoka.

Shela_Manda
Hapo kwenye kuruka: usikimbilie kukunja magurudumu kwenye njia fupi. Modeli yenye milango ya magurudumu inaifungua kwanza, na kwa sekunde hizo ndege inaburutwa na hewa kuliko magurudumu yakiwa chini yametulia. Vuka vizuizi, pata kasi, ndipo ukunje.

Wakati wa kusi Malindi utatumia njia ya kurukia namba 17 na upepo unakuja usoni, raha. Kaskazi ikivuma unapata wa kando. Izoee yote miwili kabla ya kupakia watu.

Tanga_la_Kusi
Nimesikia 210 ikizimwa saa sita mchana inakataa kuwaka hadi alasiri. Betri inaisha mtu anajaribu tu.

Injini_Sita
Inawaka, ukijua kinachoizuia. Joto la injini linapanda likiwa limefungiwa, mafuta ndani ya mabomba yanageuka mvuke, na pampu inasukuma mvuke. Dawa ni kuyazungusha mafuta baridi: mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa uwe umefungwa kabisa nyuma, throtoli wazi yote, pampu ya umeme kwenye "juu" kwa sekunde 30 hadi 60. Kwa kuwa mchanganyiko umefungwa, mafuta hayaingii silinda. Yanapita, yanapoza pampu na mabomba, yanarudi tangini. Zima pampu. Throtoli irudishe iwe wazi kidogo, washa kama kawaida, mchanganyiko ukiusogeza mbele taratibu inaposhika. Ukikosea ukaacha mchanganyiko mbele wakati pampu inafanya kazi, umeifurisha, na mafuta yatadondoka chini, subiri. Ukiegesha, elekeza pua kwenye upepo na ufungue kifuniko cha kutilia oili joto litoke.

Wilson ni kinyume chake. Futi 5,500 na nyuzi 25 za joto, injini inaona kama futi 8,000. Geji ya manifoldi itakupa inchi 24 hivi hata throtoli ikiwa mbele kabisa, robo ya nguvu imekwenda. Rekebisha mchanganyiko kabla ya kuruka. Na usijaze matangi huko. Malindi hadi Wilson ni maili 228 za baharini, lita 100 hivi pamoja na kupanda. Ondoka Malindi na lita 280, utakwenda na kurudi na akiba ibaki.

Shela_Manda
Matangi ya 210 ni mapana na hayana kina, kwa hiyo ukiegesha mahali pa mteremko "yamejaa" si yamejaa. Tumia kijiti. Vifuniko vya asili vilivyolala sawa na bawa vinapitisha maji ya masika. Badilisha uweke vya mwavuli, na toa mafuta ya chini kila asubuhi ndani ya chupa nyeupe. Nyigu wa huku wanapenda tundu la bomba la hewa la tangi. Siku mbili tu zinatosha wakaziba kwa tope, tangi likakosa pumzi na mafuta yasije. Lifunike, na ulitazame kwa tochi.

Ukitua jioni, maji ya kisima chenye chumvi usioshee. Maji ya mvua au ya mfereji, kisha dawa ya kinga ya kutu ndani ya mabawa na mkia kila mwaka.

Tanga_la_Kusi
Nimemwomba muuzaji ashushe dari. Hataki mpaka nitoe amana.

Karani_wa_Hangari
Toa, lakini kwa maandishi na kwenye akaunti ya wakili. Andika mambo yatakayokurudishia pesa zote: ufa au kutu iliyopita kiasi kwenye boriti, krankishafti ya aina ya zamani, ganda lenye ufa, magurudumu yaliyoshindwa kwenye jeki. Ile vali ya silinda iwe punguzo la bei, si sababu ya kuvunja. Gharama ya kurudisha dari ibebe wewe, atalainika.

Tanga_la_Kusi
Amekubali. Jumamosi dari inashuka, na mtu wa edi karenti anakuja Jumatatu. Lenzi ninayo.

FundiRiveti
Nenda na kikwaruzo cha plastiki chako mwenyewe. Na sponji ikibanduka, iminye mkononi kabla hawajaitupa; ikikulowesha kiganja, mpigie simu wakili Jumamosi hiyo hiyo.