Ushauri: kaka alikiri kuendesha gari akiwa amelewa, rufaa inawezekana?

Mdogo_wa_Dereva: Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu anaendesha Fuso. Usiku trafiki walimsimamisha, akapuliza kipimo, wakasema kazidisha. Kesho yake mahakama ya wilaya. Kabla hajaingia kuna mtu akamwambia, "Kubali tu, upigwe faini uende zako." Akakubali. Faini tumelipa, ila na leseni wameifungia, na leseni ndiyo ugali wa nyumba nzima. Hukumu ni ya Jumatatu wiki hii. Tunafanyaje?

Kobe Mkavu: Alikunywa hakunywa?

Mdogo_wa_Dereva: Anasema bia mbili.

Kobe Mkavu: Bia mbili ndilo jibu la madereva wote nchi hii 😂

Kanzu Nyeusi: Mkuu, achana na hesabu ya bia. Aliyekiri kosa kwa kawaida anaruhusiwa kukatia rufaa adhabu tu: ni kubwa kupita kiasi, au haiko kisheria. Ila mlango upo. Kwenye kesi ya Laurent Mpinga, 1983, Mahakama Kuu ya Tanzania ilisema aliyekiri anaweza kusikilizwa kama kukiri kwake kuna utata au hakukukamilika, kama alikiri bila kuelewa, kama hati ya mashtaka haionyeshi kosa lolote kisheria, au kama maelezo aliyoyakubali hayatoshi kumtia hatiani.

Ombeni nakala ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani. Hakimu aliandika kaka kajibu nini, kwa maneno yake mwenyewe? Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya tukio, na kaka akaulizwa kama anayakubali? Utaratibu huo ni wa tangu kesi ya Adan, 1973. Kama ameshtakiwa kwa kuzidisha kiwango na maelezo hayataji kipimo kilisoma ngapi, mna hoja.

Kusudio la kukata rufaa, yaani taarifa kwa mahakama kwamba mtakata rufaa, ni ndani ya siku 10. Rufaa yenyewe siku 45, na muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi.

Bibi Mtulivu: Mwanangu, mimi ningemeza. Mahakama Kuu inaweza kuamuru asomewe mashtaka upya, na adhabu inaweza kuongezwa.

Kanzu Nyeusi: Bibi kasema kweli, kwa hiyo someni jalada kwanza ndipo muamue. Lakini kusudio lipelekeni wiki hii hii, maana kuliondoa ni rahisi kuliko kuomba kuongezewa muda.

Mdogo_wa_Dereva: Shukrani. Tajiri wake anataka apige safari moja ya usiku kesho.

Kanzu Nyeusi: Asiguse usukani! Akikamatwa anaendesha wakati amefungiwa, hiyo ni kesi nyingine kabisa.