Kaboni-14 ikionekana kwenye lignini, inathibitisha nini hasa?

Mwanafunzi wa Botania
Wakuu, naomba ufafanuzi. Tumefundishwa kwamba mwaka 1955, nchini Kanada, Stewart Brown na Arthur Neish waliipa mimea ya ngano na mti wa mepo kemikali zilizotiwa kaboni-14, yaani kaboni inayotoa mionzi, wakaonyesha kuwa asidi ya shikimi na asidi amino iitwayo fenilalanini hugeuzwa kuwa lignini, kitu kinachokaza kuta za seli za mmea. Hata hivyo, mmea huvunja vitu na kuvijenga upya kila saa. Tunajuaje kwamba fenilalanini iliingia ikiwa nzima, na si kaboni zake tu zilizotawanyika?

Mkemia wa Mimea
Shaka yako ni ya msingi, kwa kuwa unururifu (utoaji wa mionzi) peke yake hautoshi. Kwanza hupimwa kuzimuliwa, yaani kaboni-14 imechanganyika kiasi gani na kaboni ya kawaida: shina lililokatwa huachwa linywe mmumunyo, kisha lignini yake huvunjwa kwa nitrobenzini ndani ya alkali ili kupata vanilini, kipande kidogo cha lignini kinachoweza kupimwa. Ikiwa kila milimoli ya kemikali ilikuwa na unururifu wa 1,000, na ya vanilini ina 10, kaboni imezimuliwa mara 100 na kaboni ya mmea wenyewe. Kadiri namba hiyo inavyopungua, ndivyo kemikali inavyokuwa karibu na njia ya lignini.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa mahali alama, yaani kaboni-14, ilipo ndani ya molekuli. Fenilalanini ina pete yenye mkia wa kaboni tatu, na nitrobenzini hubakisha pete pamoja na kaboni moja tu iliyoshikamana nayo. Alama ikiwekwa kwenye kaboni hiyo, vanilini itakuwa na unururifu. Ikiwekwa mwishoni mwa mkia, kwenye kaboksili, vanilini haipaswi kuwa nao. Ukiukuta, basi molekuli ilivunjwa njiani.

Mwalimu wa Maabara
Naongezea tahadhari moja, hasa kwa ngano. Kuta za seli za nyasi zina asidi ya feruli iliyofungwa kwa esta (aina ya kifungo cha kikemia), nayo pia hutoa vanilini. Tishu isiposafishwa kwanza kwa alkali baridi, utahesabu kuwa lignini kitu ambacho si lignini.

Mwanafunzi wa Botania
Ahsanteni sana. Je, tairosini, asidi amino inayofanana na fenilalanini, nayo hufuata njia hiyo hiyo?

Mkemia wa Mimea
Nyasi, ngano ikiwemo, huitumia vizuri, ilhali mimea mingine mingi huitumia kidogo mno. Kwa hiyo taja daima mmea uliopimwa kabla ya kutaja matokeo.