Margaux, Pavillon Rouge au Palmer? Chupa moja ya kumuaga bosi

Kizibo_Kikavu
Wakuu salaam. Bosi wetu hapa Brussels anastaafu mwezi ujao, tumechanga tumpe chupa moja ya waini nyekundu ya Bordeaux, ya maana, na ameshatuambia lazima aifungue siku hiyohiyo wote tukiwepo. Nimebaki na tatu: Château Margaux yenyewe ya 2016, Pavillon Rouge ambayo ni waini ya pili ya shamba hilohilo, au Palmer ya shamba la jirani. Hela ya Margaux ipo ila ndo inaisha yote. Nipeni ulinganisho, wa bia leo apite kimya.

binti_pwani
Kama inafunguliwa mwezi ujao hiyo Margaux 2016 ifute. Zaidi ya asilimia 90 ni zabibu aina ya Cabernet Sauvignon na mwaka ule tanini, ule ukakasi wa zabibu, zilijaa, ukiinywa leo ulimi unakakamaa kama umeng'ata bibo bichi. Ile ni ya kulaza miaka na miaka.

Bukavu_Bxl
Dada, hiyo ni zawadi bwana, zawadi ni jina! 1855 Napoleon III alipotaka waini za Bordeaux zipangwe madaraja, nyekundu zilizowekwa daraja la kwanza zilikuwa nne tu, Margaux, Lafite, Latour na Haut-Brion, shamba la Mouton wenyewe wakasubiri daraja hilo mpaka 1973. Mzee akiona tu ile nyumba ya nguzo kwenye lebo ameshafurahi, hata hajaonja.

binti_pwani
Basi mpeni lebo aitundike ukutani 😂

Changarawe33
Mimi niko huku Bordeaux, wakati wa mavuno huwa nachuma zabibu Médoc, ngoja niseme kidogo. Pavillon Rouge watu wanaidharau kwa sababu ya neno "ya pili" lakini ni mashamba yaleyale na mikono ileile, tofauti inakuja kwenye kuchagua, maana siku hizi kinachoingia kwenye Margaux yenyewe ni kama theluthi ya mavuno au zaidi kidogo, na tangu walipoanzisha waini ya tatu kwa mavuno ya 2009 hata zabibu za Pavillon zinachaguliwa zaidi kwa hiyo imepanda ubora sana. Inalainika mapema kuliko kaka yake. Bei ya Margaux moja unabeba Pavillon mbili, pengine tatu.

Palmer ni habari nyingine. Kwenye karatasi za 1855 ni daraja la tatu, ila hakuna anayeiuza kwa bei ya daraja la tatu. Zabibu za Merlot na za Cabernet humo zinakaribiana kwa kiasi, ndo maana inakuwa laini na ile harufu ya maua inatoka mapema. 2018 usiihangaikie, ukungu ulikula mizabibu mpaka wakavuna kidogo sana, hata Alter Ego, waini yao ya pili, mwaka huo hawakutoa. Tafuta 2012 au 2014, zimeshakaa vizuri na hazikuuzwa kwa bei za wazimu kama za 2009 na 2010.

Bukavu_Bxl
Na ile Margaux 2015 ya chupa nyeusi yenye dhahabu?

Changarawe33
Hiyo walimuenzi Paul Pontallier, aliyefanya kazi kwenye shamba hilo toka miaka ya 80, akaja kuliongoza mpaka alipofariki 2016. Nzuri mno ila utalipia na chupa, halafu wanaoinunua wengi hawaifungui.

Kizibo_Kikavu
Sawa wakuu. Kuna duka wana Palmer 2012, ila ilikuwa imesimamishwa dirishani, jua linaipiga. Nichukue?

binti_pwani
Achana nayo! Jua na kizibo kilichokauka, hapo unanunua siki ya bei mbaya. Waombe iliyolazwa stoo, angalia waini imefika shingoni.

Changarawe33
Kweli kabisa. Ukiipata isimamishe toka jana yake mashapo yashuke chini, siku yenyewe mimina taratibu kwenye jagi la glasi kama saa moja kabla hamjanywa, na msiiweke kwenye friji jamani. Wangapi mtakuwa mezani?

Kizibo_Kikavu
Kumi na wawili 😅

binti_pwani
Chupa moja watu kumi na wawili?? Hapo ni Pavillon mbili, hakuna mjadala.