Mjadala: Rabi akipanda mimbarini, aiache siasa mlangoni?

Wadau, naleta hili tulijadili kwa hoja. Wapo Wayahudi wengi, hasa Marekani, wanaosema kazi ya rabi ni kufundisha Torati, kufungisha ndoa, kuzika na kufariji wagonjwa. Mambo ya mishahara, wahamiaji na sheria za nchi awaachie wanasiasa. Mimi napinga. Rabi anayeyakwepa mambo ya umma anaikwepa Torati yenyewe.

Tazameni ibada yao ilivyo. Asubuhi ya Yom Kippur, siku ya mfungo mkuu, husomwa Isaya 58 katika masinagogi. Nabii anawakemea watu wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, anawaambia mfungo anaoutaka Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula. Sura hiyo haikuchomekwa juzi kwa ajili ya uchaguzi. Ukishaisoma mbele ya watu wenye njaa ya mfungo, utawahubiria nini kisichogusa ujira wa kibarua?

Sasa hoja nzito ya wapinzani, na sitaki kuipita juujuu. Tarehe 4 Januari 1861, siku ya mfungo wa kitaifa uliotangazwa na Rais Buchanan wa Marekani, nchi ikiwa inaelekea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, rabi Morris Raphall alihubiri New York kwamba Biblia haiuhesabu utumwa kuwa dhambi. Akawataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo, kwamba nao walimiliki watumwa. Alisema pia kuwa Torati ilimtambua mtumwa kama mtu mwenye haki zake, tofauti na walivyofanya watu wa majimbo ya Kusini yenye watumwa, lakini watetezi wa utumwa walichukua kipande kilichowafaa. Hotuba ikachapishwa na kusambaa. Basi wapinzani husema: mmeona? Fungulieni siasa mimbari, hata utumwa utabarikiwa.

Nawauliza, nani alimjibu Raphall? Rabi mwenzake, David Einhorn wa Baltimore, tena katika jimbo la Maryland ambako utumwa ulikuwa bado halali. Kwake, kummiliki binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu kulikuwa uasi dhidi ya Muumba. Aprili mwaka huohuo ghasia zilipolipuka mjini, alikimbilia Philadelphia. Waumini wake walikuwa tayari kumpokea tena, kwa sharti kwamba asiyaguse mambo hayo mimbarini. Akakataa, hakurudi. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: Raphall alipotoka, lakini aliyemrekebisha alikuwa mhubiri, na amri ya kunyamaza ilimwangukia yule aliyekuwa na haki.

Mfano wa karibu na kwetu ni Afrika Kusini. Miaka ya 1950 chombo kikuu cha Wayahudi wa huko kilishikilia kwamba jumuiya haina kauli ya pamoja ya kisiasa, kila mtu aamue mwenyewe. Rabi kijana wa Port Elizabeth, André Ungar, mzaliwa wa Hungaria aliyenusurika mauaji ya Wanazi, akahubiri waziwazi dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1956 serikali ikamwamuru aondoke nchini. Siwabezi walioogopa. Ndani ya chama tawala walikuwamo watu waliowahi kuishabikia Ujerumani ya Hitler, na jumuiya ilikuwa ndogo. Lakini chombo kile kilikuja kuulaani ubaguzi kwa jina mwaka 1985. Miaka yote hiyo katikati, Mwafrika aliyekuwa akifukuzwa kwenye nyumba yake alifaidika nini na tahadhari yao?

Mpaka mmoja naukubali: rabi asimpigie debe mgombea. Sheria ya Marekani ya 1954 inayozizuia taasisi zilizosamehewa kodi kufanya kampeni naiona ya haki, maana mgombea hubadilika akishapata kiti, na mhubiri aliyemnadi hujikuta akimtetea.

Mlio upande wa kunyamaza, nijibuni hili: mngekuwa viongozi wa sinagogi la Einhorn mwaka 1861, mngemwambia nini?