Muziki kwa gemu za magari za ukweli, nyinyi mwauacha ama mwauzima?

kona_ya_makupa

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. N'na swali limenikaa kichwani mwezi mzima na hapa nyumbani tumeshindwa kuelewana, nataka niwasikie wale wanaocheza gemu za magari kwa moyo, wale ambao kona moja waweza kuirudia mara hamsini mpaka ikae sawa.

Mimi nacheza Gran Turismo 7, ile GT7 ya PlayStation. N'na steringi na pedeli zake tatu, nilinunua kwa jamaa alokuwa yuwahama, nimeifunga kwa meza ya mbao, na sana sana hucheza usiku baada ya isha manake mchana hapa Makupa, Mombasa, ni joto, honi na tuktuk. Mdogo wangu hucheza na pedi na kwake lazima muziki uwe juu, asema bila muziki gari laenda lakini resi haipo. Mimi nilikuwa sijali, muziki ulikuja na gemu basi nikauacha vivyo hivyo.

Sasa juzi mtoto alikuwa amelala chumba cha pili, mamake akaniambia nipunguze. Nikaona badala ya kupunguza kila kitu nizime muziki peke yake nibaki na sauti ya gari, kwa hedifoni. Nilikuwa Suzuka, ile njia ya resi ya Japani. Wanaoijua wajua pale baada ya kona ya kwanza na ya pili kuna zile kona za nyoka, kushoto kulia kushoto kulia, na ukikosea ya kwanza zote zinazofuata zishaharibika. Hapo kila siku nilikuwa nateleza nje na sijui kwa nini. Usiku ule nikasikia tairi la mbele laanza kunung'unika, si ule ukelele wa gari lishaponyoka, la, ni sauti ndogo ya kukwaruza kama kiatu cha mpira kwa sakafu yenye maji, nikalegeza mguu kidogo tu na gari likarudi mahali pake. Raundi ya tatu nikapata muda mzuri kuliko wote nliowahi kupata pale. Na hiyo sauti imekuwako siku zote, ni mimi nilikuwa siisikii, imefunikwa na magitaa.

Kesho yake nikarudisha muziki kumridhisha mdogo wangu na wallahi nikahisi kama mtu amenifunga kitambaa usoni. Sasa nauliza, kwa gemu ambayo yajiita ya ukweli, muziki una kazi gani pale gari likiwa laenda? Ama mimi ndo nimezidisha?

---

fundi_wa_gia

Hujazidisha hata kidogo yakhe. Mimi ni fundi wa magari, gereji yetu iko upande wa Changamwe, na kitu cha kwanza nlichofunzwa nilipoingia kazini ni kunyamaza na kusikiliza. Gari kabla halijaharibika husema. Beringi ikianza kufa hulia siku nyingi kabla haijashika.

Na dereva vilevile. Babangu aliendesha lori miaka mingi akitoa mzigo bandarini kupeleka Malaba, nami likizo za shule nilikuwa nikipanda naye, na tukiwa twarudi, tukianza kushuka Mazeras kuja Miritini, alikuwa akizima redio. Kila mara, hata kama ni taarifa ya habari. Alikuwa akishuka na gia, breki aziguse kidogo zisishike moto, na injini ndo ilokuwa ikimwambia kama mwendo wapanda, hata mita hakuwa akiitazama. Mteremko ukiisha redio yarudi, twaendelea na mazungumzo.

Sasa kwa gemu ndo zaidi. Kwa gari la ukweli mwili wako wote wasikia, ukikanyaga breki mkanda wakubana kifua, nyuma ikianza kuteleza kiti chakwambia mgongoni kabla macho hayajaona. Kwa gemu umekaa kwa kiti cha plastiki hakisongi popote. Kilichobaki ni macho, mikono kama una steringi ile yenye mota ya kukuvuta mikono, na masikio. Ukiyaziba masikio umebaki na nusu gari. Mimi nabadilisha gia kwa sikio, macho yako kwa kona, siwezi kuwa natazama sindano ya injini na huku natafuta pa kukanyaga breki. Alafu mlio wa matairi ni sauti nyembamba, waangukia pale pale penye magitaa na vinanda vya muziki, kwa hivyo hata ukipunguza muziki nusu bado yamezwa ile sauti ndogo unayoitaka. Zima kabisa kaka, usipunguze.

---

binti_kisauni

Naomba nipinge, na nawaheshimu nyote wawili.

Mwasema gari la ukweli kana kwamba magari yote ni ya resi. Ukianza GT7 wapewa uchague la kwanza kati ya Toyota Aqua, Mazda Demio na Honda Fit. Jamani! Si ndo teksi zetu hizo? Mimi natoka kazini usiku, napanda Aqua kutoka mjini kuja Kisauni, tukifika daraja la Nyali dereva ashafungua madirisha upepo wa bahari waingia na redio yapiga bango, muziki wetu wa Pwani, na yule kijana aendesha vizuri tena kwa adabu. Aqua ya ukweli ina redio. Aqua isiyo na redio hapa Mombasa ni ile imevunjwa kioo usiku ikaibiwa. Basi nikicheza na Aqua, muziki si uwongo, ni sehemu ya hilo gari.

Tena historia iko nami. OutRun ya 1986, gemu ya Sega, kabla hujaondoka wachagua wimbo kwa redio ya gari, mkono wausogeza kibonye mwenyewe, na huo ndo mwanzo wa safari yako. Gran Turismo nayo ilitoka Japani 1997 ikiwa yajiita simuleta ya ukweli ya kuendesha gari na tangu siku hiyo ina muziki ndani ya resi. Kwa hivyo wale walotengeneza hawakuona ugomvi kati ya hayo mawili. Nilicheza hiyo ya kwanza kwa binamu yangu Old Town nikiwa mdogo sana, twakaa kwa mkeka watoto sita pedi mbili, na mpaka leo nikisikia zile gitaa naona ile TV ya zamani ya kichogo kikubwa na mkono wangu watafuta kitufe cha mafuta.

Ila nitasema kitu cha haki. PlayStation ya kwanza kumbukumbu yake ya sauti ilikuwa kilobaiti 512 tu, sauti zote za resi zaenea humo, kwa hivyo injini ilikuwa ni kipande kifupi cha sauti chazungushwa zungushwa kikipandishwa na kushushwa. Muziki ulikuwa watoka kwa diski na ulikuwa mzuri kuliko injini. Na hata Gran Turismo 5 na 6, watu walilalamika dunia nzima kwamba magari yalia kama mashine ya kufyonza vumbi. Muziki ulistiri mengi. Siku hizi sauti za magari zimekuwa nzuri, hapo nawapa nyinyi. Lakini mtu anayecheza peke yake dakika arubaini kwa njia ya Le Mans, ile ya Ufaransa, zile njia ndefu zilizonyooka hakuna breki hakuna kona, mwamtaka asikilize nini?

---

safari_roho

Dada asikilize injini kama yaendelea kuwa sawa 😊 lakini nimekuelewa.

Mimi ni mtu wa rali, mniwie radhi nitalivuta huko. Kwa rali hili swali halipo kabisa. Kuna mtu kando yako asoma njia, kushoto tatu, yafunga, usikate, jiwe ndani. Wimbo wenye maneno hapo ni kama watu wawili wakupa maelekezo ya nyumba kwa wakati mmoja, mmoja asema pinda kwa msikiti mwingine aimba habari za mapenzi. Colin McRae Rally ya 1998 walimtia Nicky Grist mwenyewe, msoma njia wake wa kweli, na sauti yake ndo ilokuwa muziki. Richard Burns Rally ya 2004 mpaka leo watu waicheza kwa ugumu wake, na ukiwa njiani ni injini, changarawe na yule mtu, basi.

Na niwaambie kitu ambacho hunigusa kila nikikikumbuka. Safari Rally yetu ilianza 1953, ikawa kubwa duniani, alafu baada ya 2002 ikatoka kwa mashindano ya dunia. Ilikuwa irudi 2020, korona ikazuia. Lakini gemu ya WRC 9 ilitoka mwaka huo huo na Kenya ikiwa ndani. Kwa hivyo mimi niliendesha njia za Naivasha nikiwa nyumbani Bamburi kabla magari yenyewe hayajafika 2021. Nilizima taa, nikavaa hedifoni, na ile mchanga laini wa vumbi ukiingia una sauti yake, injini yapanda lakini gari haliendi, yaani gurudumu lazunguka bure, na changarawe kavu ina sauti nyingine, mawe yagonga chini ya gari tik tik tik. Kwa masikio wajua ardhi imebadilika kabla gari halijakuvuta. Ningekuwa nimeweka wimbo ningepoteza nchi yangu mwenyewe pale.

Wale wa gemu za Assetto Corsa na iRacing nao wamelimaliza hili zamani, ukiingia kwa njia hakuna muziki, na kwa iRacing kwa resi za watu wengi kuna sauti ya kukwambia kuna gari kushoto, hilo huwezi kukosa kulisikia, utamtoa mwenzako nje ya njia na yeye amejitahidi saa nzima.

---

kibanda_majengo

Salaam. Mimi nina kibanda cha PS, watoto na vijana walipa kwa dakika. Kwangu muziki lazima, manake kuna feni mbili, barabara iko mlangoni na TV nne zapiga pamoja. Injini hapa haisikiki hata ukifanya nini. Na nimeona kwa macho yangu kijana akicheza gemu ya mbio za barabarani na muziki, mabega yake yacheza, acheka. Siwezi kusema yuko makosani. Lakini kuna mmoja huja asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, huniomba nizime ule muziki na nimwazime hedifoni yangu. Yeye ndo hushinda wenzake wote jioni. Sikuwa nimeyaunganisha hayo mambo mawili mpaka leo niliposoma hapa.

---

fundi_wa_gia

@binti_kisauni dada kwa Aqua umenishinda, nakubali. Gari la njiani na redio yake. Hata mteja akiniletea gari nikimaliza kazi namrudishia redio kwa stesheni ileile nlioikuta.

Ila kwa gari la resi sirudi nyuma. Lile limetolewa viti vya abiria, zulia, redio ya muziki, kila kitu chenye uzito ambacho hakisaidii mwendo. Kama redio ingemsaidia dereva wangeiacha. Kwa Le Mans hapo kwa njia iliyonyooka ndo wakati wa kusikiliza kama uliumiza matairi kwa breki ya mwisho, ukikanyaga tena utasikia.

---

kona_ya_makupa

Shukran sana, nimesoma zote na nimemsomea mdogo wangu kwa sauti. Tumefanya hivi: yeye akicheza zile Music Rally za ndani ya GT7, zile ambazo wakimbizana na mapigo ya wimbo yasikwishie kabla hujafika lango, muziki uko juu vile atakavyo, pale hata mimi nakaa kusikiliza, manake muziki ndo saa yenyewe. Magari ya njiani aweke pia. Kwa menyu na kwa marudio ya resi ikiisha, muziki, kabisa, mimi mwenyewe hupenda kutazama gari langu likipita kwa mbali na gitaa. Lakini taa za kuanzia zikiwaka kwa resi ya ukweli, sifuri.

Alinuna. Nikamwambia ajaribu raundi tano tu Suzuka na hedifoni, asipoona tofauti nitanyamaza. Raundi ya nne akainua mkono kunizuia nisiongee.

---

binti_kisauni

Na mimi nimejaribu jana usiku, nisiseme uwongo. Niliingia Spa, njia ya resi ya Ubelgiji, mvua ikaanza katikati ya resi, muziki nimezima. Matone yaanza kugonga paa moja moja, alafu mengi, alafu yakawa kama bati la nyumbani masika ya Mei. Matairi yakaacha kulia. Hicho ndo kilinitisha, nimezoea yalie kabla ya kuteleza, kwa maji hayalii, yateleza kimya tu. Nikapunguza mwendo kwa kile kimya, nikaingia kubadilisha matairi mapema kuliko wote waliokuwa mbele yangu.

Kwa Aqua bado bango.