Tupeane uzoefu: pensheni ya serikali au kila mtu ajiwekee mwenyewe? (Nyanda za Juu Kusini)

Kamwene wadau, shikamooni wakubwa. Huku Mbeya watumishi wakikutana watatu tu, habari inaishia kwenye kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya kustaafu. Vijana wanataka makato ya pensheni yafutwe, mtu apewe hela yake anunue hatifungani (yaani aikopeshe serikali kwa riba), apande parachichi Rungwe au miti Mufindi. Wazee wanaguna. Naomba waliopitia waseme. Waliosikia kwa shemeji wasubiri kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu
Nilikuwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 2018 mifuko ikaunganishwa nikajikuta kwenye mfuko mpya, PSSSF. Zamani tulijua mkupuo, ile hela unayopewa kwa pamoja ukistaafu, ni nusu ya mafao. Mimi nikastaafu kanuni za Julai 2022 zikiwa zimeshaanza, yaani asilimia 33, na nyumba ikaishia kwenye lenta. Nilinung'unika, sifichi. Lakini mwenzangu aliyewahi ile nusu alinunua Hiace, ikapiga ruti ya Uyole miaka michache, leo iko juu ya mawe. Sote wawili tunaishi kwa ile ya kila mwezi. Mtanibishia, ila dawa za presha hazinunuliwi kwa lenta wala kwa Hiace mbovu.

Msonobari, Mafinga
Mimi sijawahi kuajiriwa, pensheni yangu ni miti. Ukipanda ukiwa na miaka 35 unavuna ukikaribia 55, kwenye karatasi hesabu inapendeza sana. Sasa ngoja mwezi wa tisa, jirani asafishe shamba kwa moto na upepo ugeuke. Upande mmoja wote uliteketea ukiwa umebakiza kidogo tu kuuzwa. Uliobaki niliuza kwa bei ya dalali, maana mtoto alishafika chuo na ada haisubiri mti unenepe. Bado napanda, siwezi kuacha. Ila sasa nachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa hiari, sisi tusio na ajira tunapokelewa.

Mama Duka, Mwanjelwa
Hela yangu iko UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Ada ikifika nachomoa, msiba nachomoa. Mniambie nitazeeka na nini hapo 😂

Wa Chai, Mufindi
Nyie mnaosifia mfuko, nisikilizeni. Slipu yangu ilionyesha nakatwa kila mwezi, kumbe mwajiri alikuwa hapeleki. Niligundua nilipoanza kuhesabu kama nimefikisha michango ya miezi 180, maana chini ya hapo pensheni ya mwezi huipati.

Mleta mada
Pole sana mkuu. Ulifanyaje?

Wa Chai, Mufindi
Nilibeba slipu zote mpaka ofisi ya mfuko, wao wakambana mwajiri. Alilipa kwa kuvutana. Wenzangu waliotupa slipu hawakuwa na cha kuonyesha. Jamani, angalieni taarifa ya michango mkiwa bado kazini, msingoje barua ya kustaafu.

Kijana wa Uyole
Hayo yote ndiyo sababu ya kujiwekea mwenyewe. Chile walifanya hivyo 1981: kila mfanyakazi na akaunti yake, anakatwa asilimia 10, kampuni binafsi zinawekeza.

Mleta mada
Na wanajeshi, ambao serikali yao ndiyo iliyoleta huo mfumo, walibaki na pensheni yao ya zamani. Mpishi asiyeonja chungu chake mimi simwamini. Halafu ile asilimia 10 ilikuwa ya mfanyakazi peke yake. Hapa mtumishi anakatwa 5, mwajiri anaweka 15. Ukijitoa, hiyo 15 unaidai kwa nani?

Kijana wa Uyole
Waiweke kwenye mshahara.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu
Mwanangu, wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa hapo stendi, wataijua hiyo nyongeza kabla yako.

Mleta mada
😂 Haya. 2024 mkupuo ulipandishwa kutoka 33 hadi 40 kwa sisi tuliokuwa kwenye ile nusu. Aliyestaafu kwa hiyo asilimia 40 yupo humu? Na aliyenunua hatifungani kwa mkupuo wake atuambie, riba inaingia kwa wakati?