Vepu zinauzwa Tanga kama pipi kwa sababu sheria inatafuta jani la tumbaku

Wakuu, hili la vepu, yaani sigara za kielektroniki zinazopasha majimaji yawe mvuke wa kuvuta, limevuka mpaka. Pita barabara za Ngamiani, shuka mpaka Chumbageni: zimepangwa kwenye kabati moja la kioo na chaja na kava za simu, ladha ya embe, ladha ya tikiti, na mwanafunzi mwenye sare akitoa hela anapewa. Muuzaji huyo huyo anajua kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Kwa vepu anakujibu kwa kujiamini, "Hii si sigara."

Kinachompa jeuri ni maandishi. Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya 2003, mwaka ambao vepu ya kisasa ndiyo kwanza inabuniwa China. Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku tulioridhia 2007 nao unasema bidhaa ya tumbaku ni ile iliyotengenezwa kwa jani la tumbaku, lote au sehemu. Ndani ya vepu hakuna jani. Kuna nikotini, ile kemikali ya uraibu iliyo pia kwenye sigara, kuna propilini glaikoli na gliserini zinazotoa mvuke, na ladha.

Marekani waliumia hapo hapo. Agosti 2016 FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iliziingiza vepu kwenye sheria ya tumbaku kwa kuwa nikotini yake ilitoka kwenye tumbaku. Watengenezaji wakakimbilia nikotini ya maabara isiyotoka kwenye tumbaku, wakapeta mpaka 2022 Bunge lao lilipoandika nikotini ya chanzo chochote. Kwa hiyo tukirekebisha sheria yetu bila maneno hayo, tumefanya kazi bure! Uganda walishapiga marufuku kwa sheria yao ya 2015. Umoja wa Ulaya wanaruhusu, ila nikotini isizidi mg 20 kwa ml, chupa ya kujazia ml 10, tangi ml 2.

Sasa soma boksi lililoandikwa 5%. Maana yake ni mg 50 kwa kila ml. Kifaa cha ml 10 kina mg 500, wakati sigara moja humwingizia mvutaji kama mg 1 hadi 2. Hata kama si yote inayofika mwilini, sigara ina mwisho, ukifika kishungi unatupa. Hii mtoto anavuta darasani, chooni, kitandani. Tena nikotini ya chumvi, yaani iliyochanganywa na asidi ili iwe laini, haikwaruzi koo, hivyo hata kikohozi cha kumshtua hakipo.

Majimaji yakipungua, pamba ya ndani inayoyanyonya inakauka, koili, ule waya unaopasha moto, inaiunguza, na gliserini iliyopashwa kupita kiasi inatoa akrolini na formaldehaidi, ambazo ni sumu. Ile ladha ya kuungua ndiyo dalili, lakini wauzaji wanawaambia watoto wavute kwa nguvu zaidi. Huu ni ukatili.

Betri ni ya lithiamu, mwisho wake volti 4.2. Za bei rahisi nyingine hazina saketi nzuri ya kukata chaji, na zikiachwa juani zinavimba. Zikiisha zinatupwa jalalani, na jalala letu huchomwa moto.

Mwenye mtoto mdogo nyumbani ashike hili: majimaji yakimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi na sabuni. Akiyameza, usimtapishe. Beba na chupa yenyewe, mkimbize hospitali ya Bombo, waonyeshe ile asilimia iliyoandikwa.

Wabunge wa Tanga, pelekeni marekebisho yenye neno nikotini, ya chanzo chochote, na umri wa miaka 18 uhusu vepu pia.